Tumekwenda Bagamoyo, Tumerudi Usevya

Majuma mawili sikuwaandikia, na wengine wameuliza kama mzee ameugua. La, sikuugua. Nilikuwa safarini. Leo nawaletea habari za safari hiyo pamoja na sababu yake, ingawa sababu yenyewe si ya kujisifia.

Mwezi wa Aprili, mpunga ungali shambani, mjukuu wangu aligombana na rafiki yake kwa ajili ya mpira. Ugomvi wa watoto ni kama moshi wa majani mabichi, hupita upesi. Lakini siku ile mjukuu wangu, alipoona ameshindwa kwa maneno, akasema mbele ya watu waliokuwa mashineni: "Ninyi si wa hapa! Babu wa babu yako alinunuliwa." Baadhi ya watu wazima wakacheka.

Babu wa mtoto yule ni rafiki yangu tangu ujana. Tumelima pamoja, tumezika pamoja. Tangu siku ile hakupita tena mlangoni pangu. Nami nilimwita mjukuu wangu, fimbo mkononi, nikamwuliza maneno yale ameyapata wapi. Akanijibu, "Babu, nimewasikia ninyi wakubwa mkisema." Basi, fimbo nikaiweka chini. Ningempiga nani?

Nikafanya shauri. Tulipokwisha vuna niliuza magunia manane ya mpunga. Bibi wa nyumba hakupendezwa, akaniuliza, "Na mabati ya jikoni je?" Nikamwambia mabati yatangoja mwaka, lakini neno lile likikaa mwaka litaota mizizi. Kisha nikaenda kwa rafiki yangu kuomba ruhusa ya kumchukua mjukuu wake pamoja na wangu, tukaione Bagamoyo. Alinitazama kitambo, akasema, "Mzee mwenzangu, unampeleka mtoto wangu akaone aibu yetu imetundikwa ukutani?" Nikamjibu, "Nampeleka wangu akajifunze aibu ile ni ya nani." Hakusema neno. Lakini kesho yake alfajiri mtoto alikuja na mfuko wake wa nguo.

Tulitoka Usevya kwa basi hadi Mpanda, tukapanda garimoshi mpaka Tabora, tukashika njia ya Dodoma, na kutoka Dodoma tukateremka Dar es Salaam kwa treni mpya ya umeme. Watoto walifurahi sana. Niliwaambia kwamba reli ile ya zamani inayopita Tabora inafuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, kama kilometa 1,200, watu walikwenda kwa miguu miezi mingi, wapagazi wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na watumwa wakiwa wamefungwa shingo kwa shingo. Nasi tulikuwa tumechoka kwa kukaa tu!

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilometa 70, njia ya lami. Mwanzo wa kiangazi ni wakati mzuri wa kwenda pwani. Masika yamekwisha, kusi inavuma, joto limepungua, na usiku mtu hutaka shuka. Tulipofika, maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, na mashua zimelala ubavu juu ya mchanga. Watoto, ambao wamezoea mito yenye viboko, waliuliza bahari imekwenda wapi. Jioni ikarudi yenyewe. Kila mmoja akayaonja maji kwa kidole, akatema, kisha akayaonja tena. Sokoni ufukweni wavuvi walikuwa wakinadi samaki, na akina mama wakiwakaanga pale pale.

Mji wenyewe ni wa kale. Kusini yake, kama kilometa 5, kuna magofu ya Kaole, yaani misikiti miwili ya mawe na makaburi, ambayo mwanzo wake wasemao ni karne ya 13. Bagamoyo ilipata nguvu katika karne ya 19 kwa biashara ya pembe na watu. Wajerumani waliifanya makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam. Boma lao la mwaka 1897 lipo mpaka leo. Mwaka 2006 njia nzima ya misafara, tangu Bagamoyo hadi Ujiji, iliandikwa katika orodha ya mahali ambapo Tanzania inapendekeza pawe Urithi wa Dunia.

Jina la mji nalo watu hulieleza kwa namna mbili. Wengine husema ni neno la mpagazi: bwaga moyo, tua mzigo, safari imekwisha. Wengine husema ni neno la mtumwa: uache moyo wako hapa, maana kwenu hutapaona tena. Jina moja, watu wawili, na kila mmoja alilia machozi yake.

Siku ya pili tulikwenda misioni. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868, Padre Antoine Horner akiwa mkubwa wao. Watoto waliokombolewa katika utumwa waliletwa hapo wakasoma na kufanya kazi, na waliooana wakajengewa kijiji chao. Katika makumbusho ya misioni, ndani ya nyumba ya mwaka 1876, tuliona pingu na minyororo. Mjukuu wangu, ambaye nyumbani hanyamazi hata akila, alinyamaza. Mwenziwe ndiye aliyemwuliza mwongoza wageni, "Hawa walikuwa kabila gani?" Yule bwana akajibu, "Makabila yote, mwanangu. Yeyote aliyekutwa peke yake njiani alifungwa. Hawakuuliza kabila."

Nje upo mbuyu mkubwa uliopandwa na mapadre. Katika shina lake mnaonekana mnyororo mfupi, kiasi kingine umemezwa na mti. Watoto wakapiga kelele, "Babu, mnyororo wa watumwa!" Lakini habari inayosimuliwa pale ni kwamba bibi mmoja Mfaransa, aliyewauguza wagonjwa misioni, alikuwa akifungia punda wake hapo. Walicheka sana. Mimi sikucheka. Niliwaza jinsi tulivyo wepesi kumwona mtumwa hata mahali alipofungwa punda, na jinsi tulivyo wazito kuuliza ni nani aliyeshika ufunguo.

Karibu na hapo upo mnara wa kanisa la zamani, ambamo mwili wa Dakta Livingstone ulilazwa mwezi wa Februari 1874. Alifariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia, na watu wake wakauchukua mwili kwa miguu zaidi ya kilometa 1,500 mpaka pwani. Wakubwa wao walikuwa Susi na Chuma. Na Chuma huyo alikuwa mtoto aliyekombolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861. Tena sisi watu wa upande wa Ziwa Tanganyika tunaye wetu. Adriano Atiman aliibwa utotoni karibu na mto Niger, akauzwa, akakombolewa na mapadre katika Aljeria, akasomea uganga kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Yamkini wazee wako, msomaji, walitibiwa kwa mikono ile. Je, wakati wa homa kali kuna aliyeisukuma dawa akasema, "Sitaki, wewe ulinunuliwa"?

Usiku ule tulikaa ufukweni. Mjukuu wangu akaniuliza polepole, "Babu, na sisi je? Wazee wetu walikuwa upande gani?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia kweli. Nikamwambia kwamba wafanya biashara wa pwani hawakuwakamata watu wote kwa mikono yao wenyewe. Walikuwapo watu wa bara waliouza majirani zao, wengine kwa vita, wengine kwa njaa, wengine kwa tamaa ya nguo na bunduki. Wa kwetu walikuwa upande gani sijui, wala hakuna aliyenisimulia, maana anayeuza mtu hawasimulii wajukuu wake. Aliyenunuliwa hakutenda kosa lolote. Aliyetenda kosa ni aliyeuza na aliyenunua. Kama aibu ingekuwa kitu cha kurithiwa, basi ingetafuta nyumba za hao kwanza, na labda ingebisha hodi kwetu. Mtoto akainama. Mwenziwe, ambaye alikuwa amesikia yote, akamtupia mchanga kidogo miguuni, kama watoto wanavyofanya wakitaka kucheza. Wakakimbilia majini.

Tulipofika nyumbani, mjukuu wangu hakungoja kuambiwa. Alichukua chupa ya maji ya bahari aliyoibeba toka Bagamoyo, akaenda kwa yule mzee, akapiga goti, akasema, "Babu, nimekosa. Nisamehe." Mimi nilisimama nyuma yake, nikasema, "Na mimi pia, maana neno lilitoka kwangu." Mzee akafungua chupa, akaonja, akakunja uso. Kisha akasema, "Babu yangu alikombolewa njiani akiwa mtoto, akalelewa Karema. Huko pwani alikokuwa akipelekwa hakufika. Leo mjukuu wangu amefika, naye amerudi." Akatuita ndani tukale.

Wasomaji wangu, sheria ilifuta utumwa katika Tanganyika mwaka 1922. Ni miaka zaidi ya 100 sasa. Lakini ulimi haukuisoma sheria ile. Tunaposuka mkeka, tunapokunywa kahawa, tunapongoja zamu mashineni, tunasema nani ni mwenyeji na nani ni wa kuja, nani babu yake aliletwa na nani alikuja mwenyewe, na watoto wapo karibu wanakusanya maneno yetu. Si kila mtu ataweza kwenda Bagamoyo, magunia manane si kitu kidogo. Lakini kila mzee aweza kukaa na wajukuu zake jioni akawaeleza habari hizi kama zilivyo, bila kuficha upande wake. Na kama rafiki yako ameacha kupita mlangoni pako, usingoje mavuno. Nenda wewe.

Mabati ya jikoni bado hatujanunua. Bibi ananikumbusha kila siku. Kwaherini, tuonane juma lijalo.