Wazee wa Bugaluu Wanatuhubiria Nini?

Jumapili iliyopita, kwenye mkutano wa injili hapa Tunduma, mhubiri alituambia kuwa kunyoa kiduku, kuvaa mlegezo na muziki wa singeli ni uhuni ulioletwa kuua utamaduni wetu. Watu wazima wakapiga makofi. Makofi yale yaliniudhi kuliko mahubiri yenyewe, kwa sababu waliopiga wana umri wa kukumbuka.

Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze kutekelezwa Januari 1969. Waliosakwa ni mabinti wa sketi fupi na mawigi, na wavulana wa suruali za kubana. Kosa lao? Kuharibu utamaduni. Miaka ya sabini zikaja suruali pana za bugaluu na nywele za afro, wazazi wakalia vilevile. Leo picha za enzi hizo zimetundikwa sebuleni, babu ndani ya bugaluu lake, na wajukuu wanaambiwa: tazameni zamani watu walivyojiheshimu!

Kila tunachojivunia kilipita mtaani kikitukanwa. Nitalirudia hili mpaka liwaingie. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968, Dar es Salaam, kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli. Chuo cha sanaa hakukiona. Leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji. Bongo Fleva nayo iliitwa muziki wa wahuni. Joseph Mbilinyi, Sugu, akatoka humo humo na watu wa Mbeya Mjini wakampeleka bungeni 2010, wakamrudisha 2015. Na singeli hiyo inayolaaniwa, ya uswahilini Manzese na Tandale, vijana wa studio ya Sisso pale Mburahati wameipiga mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya.

Utamaduni wetu upi, hasa, katika mji huu? Wanyamwanga wako huku na wako Nakonde, upande wa Zambia. Sokoni kwacha inapita mkono mmoja na shilingi. Mitumba tunayovaa, ng'ambo ya pili wanaiita salaula. Kwaya ya mhubiri mwenyewe ilipiga sebene, muziki uliokulia kwenye baa za Kinshasa, naye akacheza mpaka tai ikapinda. Sebene ikivuka mpaka ni baraka, singeli ikipanda kutoka Dar ni laana!

Nilipoyasema haya, mzee mmoja akanijibu kuwa jinzi zilizochanika ndizo zinazofukuza mvua. Jamani! Shida ya maji ya bomba Tunduma ni kongwe kuliko wavaaji wa jinzi hizo. Mama anayeamka alfajiri kusaka ndoo mbili za maji hajakwamishwa na suruali ya mtu. Hasira hizo zielekezwe kwenye mabomba.

Vijana wetu wanachora mabango ya saluni, wanaandika kwenye bodi za malori, wanarekodi kwenye vyumba vyenye godoro ukutani la kuzuia kelele. Kampala, mtaa wa Kitintale, wenzao walimwaga zege 2006 wakapata uwanja wao wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu. Hapa mtoto anachezea kando ya foleni ya malori yaendayo Zambia na Kongo, kisha anaitwa mhuni wa barabarani. Aende wapi? Wenye mamlaka watenge kiwanja. Kimoja tu, chenye taa na umeme wa kuchomeka spika.