Cheni mpya kwa sproketi mzee? Apana, buda

Leo nasema kitu na najua mafundi wengine wa hapa Kitale watanikasirikia. Sawa tu.

Bro wangu ana nduthi, Boxer, hufanya kazi ya boda hapa town. Juzi alinibeba twende Bungoma, nilikuwa na kazi ya kushuti video ya harusi. Kiminini tukapita poa, Kamukuywa poa. Karibu na Misikhu tukaskia kraaak! Cheni imeruka, ikajikunja pale mbele, tairi ya nyuma ikashika. Na nyuma yetu kulikuwa na lori. Sitawadanganya, niliita Mungu kwa lugha zote ninazojua, hadi Kibukusu cha kukhu. Lori likatupita karibu hivi, unaweza kuligusa kwa mkono. Tripodi yangu ilibaki kwa mtaro.

Kinachoniuma ni kwamba hiyo cheni ilikuwa mpya. Wiki tatu tu. Na ilikuwa orijino, bro aliilipia pesa ya kazi ya siku mbili.

Shida ni mahali iliwekwa. Sproketi ya nyuma ilikuwa ile nduthi ilikuja nayo kutoka dukani. Ya mbele ilikuwa ya kampuni ingine, haina hata jina, iliwekwa kitambo. Fundi akachukua cheni mpya akavalisha juu ya hao wazee wawili, akapiga grisi, akasema "iko sawa, endesha." Hakusema amechanganya. Na bro hakuuliza.

Sikia vile hii kitu hufanya. Nduthi nyingi hapa zinatumia cheni ya 428. Hiyo 4 ya kwanza inahesabu nafasi kutoka pini moja hadi ingine: 4 juu ya 8 ya inchi, yaani nusu inchi, milimita 12.7. Ukiendesha, pini zinalika ndani, kila pingili inaongeza nafasi kidogo, ndio unaona cheni imelegea hata ukikaza. Meno ya sproketi nayo yanalika kufuata hiyo cheni. Zinazeeka pamoja kama wazee wa ndoa, kila mmoja anajua tabia za mwenzake. Sasa ukileta cheni mpya yenye 12.7 kamili, inakuta meno yamejipinda kama makucha ya kuku. Haikai chini. Meno machache ndio yanabeba mzigo wote, na siku yenye umebeba watu wawili na gunia, inapanda juu na kuruka.

Kuna wasee watasema, "Ndio maana mimi hununua orijino pekee." Hapo sikubaliani. Ile yetu si ilikuwa orijino? Heri kit nzima ya kampuni ingine yenye jina, cheni na sproketi zote mbili, kuliko cheni ya kampuni yenyewe juu ya meno yamekwisha. Na tusichanganye mambo: spea ya kampuni ingine iliyo na jina lake kwa boksi si feki. Feki ni ile imevaa jina la mwenyewe, na hiyo ndiyo Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inakataza.

Najua pesa ni ngumu. Msee wa boda akitoka asubuhi anafikiria mafuta, chakula, na za mwenye pikipiki kama si yake. Kit nzima inauma. Mimi sisemi usichanganye kila kitu. Kioo, indiketa, mafuta ya viti vya ngozi, changanya vile unataka, hakuna mtu atakufa. Lakini cheni na sproketi ni familia moja, nunua zote. Breki pia sitaki mchezo.

Na ukitaka kujua zako ziko aje, shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ivute kuelekea nyuma. Ikiachana na meno hadi uone karibu nusu ya jino, imeisha. Halafu mwambie fundi afungue kifuniko cha ile ya mbele, kwa sababu hiyo ndio watu husahau, na ndiyo inazunguka zaidi ya mara mbili kila ile ya nyuma ikizunguka mara moja.

Ninachotaka kwa mafundi ni kitu moja tu: sema. "Boss, hizi sproketi zimeisha, ukiweka cheni pekee itakula hasara." Akikataa, hiyo ni juu yake. Lakini abiria kama mimi hata hakuulizwa, na mguu wangu ndio ulikuwa karibu na hilo lori.

Tulifika Bungoma na matatu, maharusi washakata keki. Bro alirudi Misikhu jioni akaweka kit nzima, akakasirika na bei. Hadi leo anasema ilikuwa barabara mbaya.