Upasuaji wa mgongo ni siku moja, kupona ni msimu mzima

Mkulima anapoambiwa kuwa anahitaji upasuaji wa pingili za chini za mgongo, jambo la kwanza kuulizwa nyumbani ni fedha za hospitali. Ndugu huchangishana, mbuzi huuzwa na mgonjwa hutibiwa. Anaporejea kijijini ndipo hujitokeza hesabu iliyosahaulika: nani atalima?

Baada ya upasuaji wa aina hii, mgonjwa huhimizwa kuanza kutembea mapema, mara nyingi siku ya pili. Hata hivyo, kutembea si kulima. Kwa wiki 6 hivi za mwanzo hutakiwa kuepuka kuinama, kujipinda na kunyanyua mizigo. Kazi nzito huweza kusubiri miezi 3, na aliyeunganishwa pingili husubiri zaidi, kwani mfupa huchukua miezi mingi kushikana. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mfuko wa mbolea kilo 50. Jembe la mkono nalo humtaka mtu ainame kutwa.

Mkulima wa mahindi wa Mbozi aliyepasuliwa Oktoba hukutwa na mvua za Novemba akiwa bado anauguza kidonda. Akishika jembe anahatarisha mgongo. Asiposhika, familia itakosa chakula mwakani. Anayeshika jembe huitwa mkaidi, kumbe anaikimbia njaa.

Bima ya afya, ambayo Tanzania iliitungia sheria mwaka 2023 ili iwafikie wananchi wote, ni msaada mkubwa. Lakini bima hulipa hospitali. Hailipi kibarua wa kupalilia.

Kwa hiyo, muda wa kupona uingizwe katika bajeti ya shamba kama zinavyoingizwa mbegu na mbolea. Pale daktari anaposema upasuaji unaweza kusubiri, tarehe ipangwe mara baada ya mavuno. Fedha za vibarua zitengwe mapema, au sehemu ya shamba ikodishwe kwa msimu mmoja. Aidha, vikundi vya kuweka na kukopa vyenye mfuko wa jamii viangalie uwezekano wa kumchangia mwanachama siku za kazi, si fedha pekee.

Yako yasiyosubiri mavuno. Miguu ikiishiwa nguvu ghafla, ganzi ikiingia sehemu za siri au haja ikishindwa kuzuilika, mgonjwa akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo, awe amepasuliwa au bado.

Jembe likivunjika mpini, hupachikwa mwingine. Mgongo hauna mpini wa akiba.