NYUMBA BORA: Baraza si Pambo



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya msingi wa nyumba. Leo tutazungumza juu ya baraza.

Baraza ni nini? Ni sehemu ya nje ya nyumba. Lina paa, lina sakafu na lina nguzo. Lakini halina kuta pande zote, kwa hiyo upepo hupita. Wengine huliita veranda.

Watu wengi husema, "Baraza ni pambo la wenye fedha." Mimi pia nilisema hivyo. Baadaye nilijuta.

Nilijenga nyumba yangu nje kidogo ya mji wa Ifakara, kwa matofali mabichi. Mabati yalikuwa machache. Fundi alinishauri nipunguze chumba kimoja, ili mabati yatoshe kwa upenu mpana na baraza la mbele. Nilikataa. Nilitaka vyumba vitatu. Basi paa likaishia karibu na ukuta. Lilizidi ukuta kwa kiganja kimoja tu.

Ikaja masika. Mvua ilipiga ukuta wa mbele. Maji ya bati yalianguka chini na kurusha matope ukutani. Sehemu ya chini ya ukuta ikalainika, ikaanza kulika. Nilikandika udongo mpya. Masika ya pili ukuta ukainama. Usiku mmoja ukaanguka ndani, juu ya kitanda cha watoto. Usiku huo watoto walikuwa wamelala kwa bibi yao. Kitanda kilivunjika vipande vipande.

Nilikwenda kwa fundi asubuhi. Hakunicheka. Alisema, "Sasa tujenge vyumba viwili na baraza." Ndivyo tulivyofanya.

Baraza lina kazi gani?

Kazi ya kwanza ni kuzuia mvua. Bonde la Kilombero hupata mvua nyingi. Ukuta wa udongo ukilowa hupoteza nguvu. Paa la baraza hupeleka maji mbali na ukuta.

Kazi ya pili ni kuzuia jua. Jua la alasiri hupiga ukuta wa magharibi. Ukuta hushika joto, kisha hulitoa usiku wakati watu wamelala. Ukuta ulio nyuma ya baraza haupigwi sana na jua. Chumba chake huwa na nafuu.

Kazi ya tatu ni kuwapa watu mahali pa kukaa. Barazani mgeni hupokewa. Mpunga hupepetwa na mikeka husukwa. Mtoto husoma kwa mwanga wa mchana. Mvua ikinyesha, kazi haisimami.

Katika miji ya zamani ya mwambao, kama Lamu na Unguja, watu walijenga mabaraza ya mawe mbele ya nyumba. Mwenye nyumba alikaa hapo na wageni wake bila kuwaingiza ndani. Watu walizungumza na kuamua mambo yao. Ndiyo maana hata leo tunasema baraza la wazee na Baraza la Mawaziri.

Nasi wakulima wa Kilombero tuna elimu yetu. Wakati wa kulinda mpunga tunajenga dungu shambani. Dungu husimama juu ya miti. Lina paa la nyasi na pande zake ni wazi. Mlinzi hukaa kivulini, hupata upepo, na huwaona ndege wote. Dungu ni baraza la shambani. Mwenye kujua kujenga dungu hashindwi kujenga baraza.

Jinsi ya kujenga

1. Upana. Baraza liwe na upana wa mita 1 na nusu hadi mita 2. Likiwa jembamba sana, mvua ya upepo itafika ukutani.

2. Sakafu. Inua sakafu juu ya ardhi kwa kimo cha matofali mawili au matatu. Iwe chini kidogo ya sakafu ya ndani. Ishuke kidogo kuelekea nje, ili maji yatoke.

3. Nguzo. Usizike mti moja kwa moja ardhini. Mchwa wataula na maji yatauozesha. Jenga kitako cha mawe au matofali ya kuchoma, kisha simamisha nguzo juu yake. Ifunge kwa chuma kilichozikwa ndani ya kitako.

4. Kufunga paa. Baraza halina kuta, hivyo upepo huingia chini ya paa na kulisukuma juu. Misumari peke yake haitoshi. Funga mbao za paa kwenye nguzo kwa waya mnene. Fanya hivyo kwenye kila nguzo.

5. Mtaro. Chimba mtaro mahali maji ya paa yanapoangukia. Uelekeze mbali na nyumba. Maji yasituame, maana yatazaa mbu.

Kama huna mabati ya kutosha, ezeka baraza kwa nyasi. Kama huwezi kujenga pande zote, anza na upande unaopigwa zaidi na mvua. Lakini kumbuka jambo moja. Baraza halizuii mafuriko. Mahali panapojaa maji ya mto kila mwaka si mahali pa kujenga. Chagua kwanza mahali pa juu.

Mbu wa barazani

Baraza lina hatari moja. Jioni watu hukaa hapo, hupika na kuzungumza. Mbu nao huja.

Ifakara inajulikana duniani kwa kazi ya kuchunguza malaria. Maabara ilianzishwa hapa katika miaka ya 1950 na wataalamu kutoka Uswisi. Leo ipo Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1997 ulianza mradi wa kusambaza vyandarua vyenye dawa katika Kilombero na Ulanga. Vyandarua vimeokoa maisha ya watoto wengi. Lakini chandarua humlinda aliye ndani yake. Hakimlindi aliyekaa barazani.

Basi tufanye nini? Jua likizama, vaa nguo ndefu. Kama unaweza, jipake dawa ya kufukuza mbu. Watoto wadogo waingie mapema ndani ya chandarua.

Tazama pia nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Mbu wa malaria hupenda kupita hapo kuingia ndani. Iwekee wavu wa waya wenye matundu madogo. Upepo utapita, mbu watabaki nje.

Baraza hutaka matunzo

Mjini Zanzibar lipo jengo la Beit al-Ajaib. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Lilizungukwa na mabaraza mapana katika kila ghorofa, juu ya nguzo ndefu za chuma. Lilisimama kwa zaidi ya miaka 130. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, wakati lilipokuwa likitengenezwa. Watu wawili walikufa.

Ikiwa jumba la Sultani linaweza kuanguka, baraza lako na langu je? Kila mwaka, kabla ya mvua kuanza, zunguka nyumba yako. Gonga kila nguzo. Ikitoa sauti ya uwazi, mchwa wameingia. Ibadilishe. Kaza waya. Zibua mtaro. Kazi hiyo ni ya siku moja tu.

Nyumba yangu sasa ina vyumba viwili na baraza. Ukuta wa mbele haujalika tena. Watoto wanalala chini ya ukuta ule ule, nami nasikia mvua bila hofu.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, paa la nyumba yako linazidi ukuta kwa kiasi gani?
2. Ni upande upi wa nyumba yako unaopigwa zaidi na mvua? Na jua?
3. Maji ya paa lako yanakwenda wapi?
4. Familia yako hukaa wapi jioni, na hujikinga vipi na mbu?

Msomee jirani asiyejua kusoma. Kisha nendeni pamoja mkatazame nguzo zenu.