Barabara za Viwandani na Nyumba za Wapangaji



Twaambiwa kila mara kwamba barabara kubwa haina rafiki wala adui, yapita tu pale injinia alipopima. Sisi hatukubali. Tazameni mji wa Detroit, Marekani.

Mwaka 1942, wakati wa vita, ilifunguliwa barabara ya Davison huko Highland Park, iliyochimbwa chini kuliko mitaa ili motokaa zisisimame kwenye njia panda. Katika miji ya nchi ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya namna hiyo. Shabaha yake ilikuwa kuwafikisha watu viwandani upesi. Kiwanda cha Ford, kilichokuwa jirani tangu 1910, kilibaki mahali pake. Zilizoondolewa ni nyumba za watu zilizokuwa ukingoni. Haya, vita ni vita.

Lakini vita vilikwisha 1945, na mtindo ukabaki. Kuanzia 1959 barabara ya Chrysler ilipitishwa juu ya Hastings Street, mtaa wa maduka na vilabu vya muziki vya watu weusi. Wengi wa watu hao walifanya kazi katika viwanda vya motokaa, wenzetu hasa. Mwenye nyumba alilipwa. Mpangaji aliambiwa ahame, na wengi walikuwa wapangaji. Tena barabara yenyewe ikapewa jina la tajiri wa motokaa!

Basi ramani ya barabara ikiletwa mjini kwetu, chama kisianze kuuliza bei ya lami. Kiulize mpangaji atalipwa nini, na nani, kabla tingatinga halijafika.