Neno "Maradufu" Si Pambo

Wiki hii umesikia mara ngapi kwamba jambo fulani "limeongezeka maradufu"? Foleni za magari Kampala, bei ya nyanya, wafuasi wa mwanasiasa: vyote, tunaambiwa, vimeongezeka maradufu. Mtangazaji alitaka kusema "sana", akachukua neno la hesabu akalifanya pambo. Mazoea haya nayapinga, kwa kuwa yanatupofusha.

Maradufu ni mara mbili, basi. Kitu kinachorudia kuwa maradufu kila baada ya muda ule ule, wanahisabati husema kinakua kwa kipeo. Ukuaji huo hautambuliwi kwa ukubwa wala kwa haraka. Hutambuliwa kwa kuwa nyongeza yenyewe huzaa nyongeza. Mwendesha bodaboda awekaye shilingi 5,000 kila jioni anajiwekea akiba njema, lakini haikui kwa kipeo. Hata akiweka 50,000, kesho ataongeza kiasi kile kile.

Ukuaji wa kipeo ulio wa kweli huja kwa sauti ndogo. Sensa ya 1991 ilihesabu watu milioni 16.7 nchini Uganda. Ya 2014, milioni 34.6. Ni maradufu halisi, kwa miaka 23, na wastani wa ongezeko ulikuwa asilimia 3 na kitu kwa mwaka. Nani hushtushwa na asilimia 3? Hata hivyo, madarasa, zahanati na visima vilipaswa kuwa mara mbili ili tubaki pale pale tulipokuwa.

Mkopeshaji wa mtaani anaifahamu hesabu hii kutushinda. "Asilimia 10 tu kwa mwezi," asema. Mkopaji wa shilingi 100,000 huzidisha 10 kwa 12, akaona kwamba asipolipa chochote mwaka mzima atadaiwa 220,000. Kumbe riba isiyolipwa ikijumlishwa kwenye deni, mwezi wa nane deni limeshapita 200,000, na mwaka ukiisha linakaribia 314,000. Hizo 94,000 za ziada ndizo ada ya kutojua maana ya kipeo, na wapo waliouza pikipiki kuilipa.

Basi mtangazaji akitamka "maradufu", mwulize: kutoka ngapi hadi ngapi, kwa muda gani? Na mkopeshaji, kabla hujatia sahihi, mwulize: riba nisiyolipa mwezi huu, mwezi ujao nayo itatozwa riba?