Mgeni Siku Mbili, Msafara Siku Zote

Kila inaposikika kwamba kiongozi mkuu wa dini atazuru Afrika Mashariki, hapa Chang'ombe, mjini Dodoma, huzuka ubishi uleule. Upande mmoja husimama msomi wetu, akauliza: "Mkulima wa mtama, ambaye mvua imemnyima mavuno, auze mbuzi wake, asafiri siku mbili, ili akamwone mtu kwa mbali kama punje ya ulezi? Huu si utumwa wa mawazo?" Upande wa pili husimama mwenye uwezo wake, aliyekwenda akarudi, akijisifu jinsi alivyokaa karibu na jukwaa, na picha anazo. Watu hawa wawili hawaivi chungu kimoja. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba kosa lao ni moja. Wote wawili wanadhani kwamba jambo lenyewe ni mgeni. Mmoja humdharau amfuataye mgeni, na mwenziwe hujivunia kumkaribia mgeni. Wala hakuna hata mmoja wao amtazamaye mwenyeji aliyefunga mzigo wake akaondoka pamoja na jirani zake.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba jambo lenyewe ni ule msafara. Kwamba msafara huo ni mali ya utamaduni wa Taifa letu kama zilivyo ngoma na methali. Na kwamba mali hiyo inatupotea tukiwa macho.

Mwaka 1990, kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 5 Septemba, Papa Yohane Paulo II aliitembelea Tanzania. Alifika Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi. Dodoma haikuwamo katika orodha ile. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza masomo ya sekondari, sijapata kazi. Waumini wa kwetu walikutana katika jumuiya zao, zile Jumuiya Ndogo Ndogo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 1976 kuzitilia mkazo, wakaamua kwamba kama mgeni hafiki Dodoma, Dodoma itamfuata Tabora kwa njia ya reli.

Katekista wetu alinunua daftari la shule. Ukurasa wa kushoto aliandika majina ya wasafiri. Ukurasa wa kulia aliandika kila mmoja alichotoa. Mmoja alitoa fedha, mwingine debe la mtama, mwingine kuku watatu, mwingine, ambaye hakuwa na kitu, aliandikwa "atapika". Neno lile "atapika" lilihesabiwa sawa na nauli. Aliyekuwa mgonjwa na asiyeweza kusafiri alitoa rozari yake ibebwe na mwenye afya. Nami nilibeba rozari nne ambazo hazikuwa zangu. Jirani yetu Mwislamu alituazima madumu mawili ya maji, na mkewe akabaki na watoto wa nyumba tatu. Tuliingia behewa la daraja la tatu tukiwa na mikeka, sufuria, unga, mlenda mkavu, karanga na ubuyu. Kina mama hawakukubali kuziacha ngoma zao za muheme. Tulipopita Bahi walikuwa wakiimba. Tulipopita Manyoni abiria tusiojuana nao walikuwa wakiitikia. Na tulipoingia Itigi mzee mmoja wa Kinyaturu, asiye wa dini yetu, alikuwa amekwisha kula chakula chetu na kutufundisha wimbo wake.

Huko Tabora nilimwona mgeni. Sikatai kwamba nilifurahi, wala sikatai kwamba alikuwa mbali. Lakini mkiniuliza leo, baada ya miaka zaidi ya thelathini, ni kitu gani kilichonifanya mtu, nitataja daftari lile kabla sijataja jukwaa.

Sasa nimgeukie msomi wetu. Yeye asema kwamba kusafiri hivyo ni desturi ya kigeni tuliyoletewa pamoja na dini. La hasha! Laiti angeiuliza ardhi anayoikanyaga. Nchi hii ya kati, toka Ugogo hadi Unyanyembe, ni nchi ya misafara tangu karne ya kumi na tisa. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikwenda Pwani na kurudi kwa miguu, wakiongozwa na kirangozi na ngoma yake, wakilipa hongo kwa watemi wa Ugogo ili wapate njia na maji, wakilikabili pori lile la Mgunda Mkali ambalo leo garimoshi hulipita msafiri akiwa amelala. Katika njia hiyohiyo walipita pia watumwa, na uchungu huo tusiufiche. Wajerumani walipoijenga reli yao, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, hawakubuni njia mpya. Waliifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara. Basi waumini wa Chang'ombe walipoondoka na mizigo, na ngoma, na mgawanyo wa kazi, huyu mpishi, huyu mchukua maji, huyu mtunza majina, hawakuwa wakiiga Ulaya. Walikuwa wakifanya kilichofanywa na babu zao, ila safari hii kwa hiari yao na kwa faida ya roho zao.

Tena msomi huyo huyo, anapokwenda Ulaya kuhudhuria mkutano, hatuambii kwamba ni mtumwa wa mawazo. Husema amekwenda kupanua mawazo. Je, mawazo hupanuka kwa ndege tu? Mama wa Chang'ombe ambaye hajapata kuvuka Bahi, akafika Tabora, akalala uwanjani na watu wa Kigoma na wa Shinyanga, akasikia Kiswahili chao na kuwapa chake, huyo hakupanua kitu? Mimi naona kwamba siku zile yule mama alijifunza Tanzania kwa namna ambayo ramani ya ukutani haifundishi. Nayo fedha aliyoitoa hakuitupa: aliinunulia nafasi ya kuwa raia kati ya raia wenzake.

Lakini nisimpige msomi peke yake na kumwacha ndugu yangu wa dini akicheka pembeni. Mwaka 2015, mwezi Novemba, Papa Fransisko alizuru Kenya na Uganda. Waumini wa Tanzania walivuka mipaka kwenda kumwona. Naijua parokia moja, nisiyoitaja, ambayo iliandaa basi. Safari hii halikuwapo daftari la kurasa mbili. Palikuwa na bei ya kiti, tarehe ya mwisho ya kulipa, na kitenge cha sare ambacho kila msafiri alilazimishwa kukinunua. Aliyelipa alikwenda. Asiyeweza alibaki. Miongoni mwa waliobaki alikuwapo mjane ambaye kwa miaka mingi alizifua nguo za altare bila malipo. Basi liliondoka alfajiri, likapita mbele ya mlango wake, naye akasimama akalipungia mkono. Liliporudi, wasafiri walitandaza picha zao; mjane akazitazama, akasema, "Mmependeza." Hakuna aliyembebea rozari, maana hakuna aliyemwuliza.

Hii ndiyo adhabu ya kudhani kwamba jambo lenyewe ni mgeni. Ikiwa jambo ni mgeni, basi aliyemkaribia zaidi ndiye aliyefaulu, na kiti cha kumkaribia kitauzwa kama kinavyouzwa kiti chochote. Lakini ikiwa jambo ni msafara, basi msafara uliomwacha mjane nyuma umeharibika kabla gurudumu halijazunguka, hata kama wote waliomo wamepeana mkono na Papa mwenyewe. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema, "Mgeni njoo, mwenye nauli apone."

Kosa hilo lina mzizi mrefu, na hapa nawaomba walimu wanisikilize kwa makini. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita Ugogo kwenda Unyanyembe. Mwaka 1871 alipita Stanley. Safari zao tunazisoma shuleni hata leo. Lakini ni nani aliyebeba mzigo? Ni nani aliyejua kisima kiko wapi? Majina ya wachache tunayo, kama Sidi Mubarak Bombay; majina ya wale mamia wengine yalikwenda na upepo wa Mgunda Mkali. Tumelalamika sana, na kwa haki, kwamba wakoloni walimwandika bwana mkubwa wakamwacha mpagazi. Sasa tazameni tulivyofanya sisi wenyewe katika nchi huru. Hotuba alizozitoa Papa mwaka 1990 zimehifadhiwa moja baada ya moja, neno kwa neno. Waliokwenda kumsikiliza wamehifadhiwa wapi? Katika shule nilizosoma na nilizozitembelea kwa kazi, sijakuta hata karatasi moja isemayo nani alitoka Chang'ombe, alikula nini njiani, aliimba nini, alilala wapi. Burton alikuwa na udhuru wa kuwa mgeni. Udhuru wetu sisi ni upi?

Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kwa miaka mingi nimekaa kati ya majalada. Kazi hiyo imenifundisha jambo moja chungu: lisiloandikwa, baada ya kizazi kimoja, huhesabiwa kwamba halikutokea. Miaka michache iliyopita nililifuata lile daftari la katekista. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha fariki. Binti yake alinifungulia sanduku. Mchwa walikuwa wamefika kabla yangu. Yalibaki majalada mawili ya nje na vumbi jekundu katikati. Nilikaa kitako pale sakafuni nikajaribu kuyataja majina kwa kichwa. Nilifika kumi na saba, nikakwama. Nasi tulikuwa zaidi ya sitini.

Najua pingamizi itakayoletwa. Watasema: "Hayo ni mambo ya dini moja, Taifa halina dini, wala shule ya Serikali haifai kujishughulisha nayo." Ni kweli Taifa letu halina dini, na hekima hiyo tuilinde kama mboni ya jicho. Lakini Taifa lina watu, na watu hao husafiri. Mwaka 1990 aliyempokea Papa kwa niaba yetu sote alikuwa Rais Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu, na hapana aliyeona ajabu. Madumu tuliyochotea maji njiani yalikuwa ya Mwislamu. Waislamu nao husafiri kwa makundi kwenda katika Maulidi na ziara zao, wakipikiana na kubebeana watoto. Nayo safari isiyo ya dini tunayo: mwaka 1967 vijana walitembea kwa miguu masafa marefu kuliunga mkono Azimio la Arusha, na Mwalimu Nyerere naye alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Kijana Seth Benjamin alifariki katika matembezi yale, na Taifa lililitunza jina lake. Basi tunaweza! Tulipotaka kumkumbuka mtembeaji, tulimkumbuka. Kinachotakiwa ni kutambua kwamba mama aliyeandikwa "atapika" naye ni mtembeaji wa nchi hii.

Kwa hiyo nasema na wenye kamati kwanza. Mtakapoandaa msafara mwingine, anzeni na asiye na nauli. Mwandikeni wa kwanza, kisha tafuteni wa kumchangia. Kitenge kiwe hiari. Na mgonjwa aulizwe anataka abebewe nini.

Nasema na walimu. Wapeni wanafunzi wenu kazi moja katika muhula: kila mmoja amtafute mzee mmoja, wa dini yoyote au asiye na dini, aliyepata kusafiri na wenzake kwenda kumlaki mgeni mkubwa. Amwulize mambo matano: mlikuwa nani na nani? Nani alilipa, na kwa kitu gani? Mlikula nini? Mliimba nini? Nani alibaki nyuma, na kwa sababu gani? Swali hili la tano lisirukwe, maana humo ndimo ukweli wa msafara ulimojificha. Majibu yaandikwe kwa wino, nakala mbili, moja ibaki shuleni na moja irudishwe nyumbani kwa mzee.

Nawe mwanafunzi, usingoje. Kijana wa 1990 ana mvi leo, na waliokuwa wazee wakati ule tumekwisha kuwazika wengi wao. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa saa chache, na hilo ni jambo jema. Lakini katika saa chache watu hawapati nafasi ya kufundishana wimbo, kwa hiyo nyimbo za behewa la zamani hazitajirudia zenyewe. Nenda leo jioni kwa bibi yako, ukae naye, umsalimu, umwache anywe chai yake, kisha umwulize. Yale majina kumi na saba niliyoyakumbuka nimekwisha kuyaandika. Yaliyosalia yamo vinywani mwa watu walio hai bado, hapa Chang'ombe, nyumba chache kutoka ulipo.